Bomba Lililoita Jikoni

Jua lilikuwa linazama nilipokwenda kumchukua mama mdogo kazini. Mimi ni mshona mapazia, na ile nyumba ilikuwa inatengenezwa iwe ya kulaza wageni. Nilisema nakwenda kupima madirisha. Kweli yenyewe ni kwamba nilikwenda kumrudisha mama mdogo nyumbani, apende asipende. Tangu aanze kufanya usafi pale alikuwa harudi kulala kwake. Tukimpigia simu, jibu lake moja: "Bwana hajaniruhusu."

Bwana yupi? Mama mdogo ndiye aliyenilea. Aliwahi kumfungashia mume virago kwa sababu alimwagiza chai bila kusema tafadhali. Mwanamke wa namna hiyo akikwambia kuna bwana hajamruhusu, ujue kuna jambo.

Nyumba ilikuwa ya zamani, kuta zake nene hata ukiwa dirishani huwezi kugusa upande wa nje. Ilikuwa na ngazi mbili. Moja pana, ya mbao zilizonakshiwa, ya wenyewe. Nyingine nyembamba, imefichwa nyuma ya ukuta, ili watumishi wapande na kushuka bila kuonekana. Nilizunguka hadi mlango wa nyuma, nikaingia jikoni.

Nilimkuta amesimama wima, uso ameuelekeza ukutani.

"Shikamoo, mama mdogo."

Hakugeuka.

Mbele yake, ukutani, kulikuwa na mdomo wa shaba, mpana kama kikombe, umezibwa kwa kizibo chenye filimbi. Fundi seremala wa pale aliwahi kunieleza habari zake. Zamani, kabla ya simu, bomba lilipitishwa ndani ya ukuta kutoka chumba cha bwana hadi jikoni. Bwana akipuliza huko juu, filimbi inalia huku chini. Mtumishi anatoa kizibo, anatega sikio, anapokea agizo. Bwana wa kwanza wa nyumba ile alipooza miguu, akaitawala nyumba nzima kwa pumzi yake. Alipokufa, mdomo wa juu ulizibwa kwa matofali. Sisi tulikuwa hatujazaliwa.

"Twende nyumbani," nikasema. Nikamshika mkono. Ulikuwa baridi, mwepesi kama kitambaa kisicho na mtu ndani.

Filimbi ikalia.

Fiii...

Taratibu. Kama mtu mwenye pumzi fupi.

Mama mdogo akatoa kizibo. "Abee, bwana," akaitika, kwa sauti ya kitoto. Akasikiliza. Kisha akachukua sinia lenye glasi ya maji, akaelekea ngazi ya watumishi.

Nikamziba njia. "Unampelekea nani?"

"Ana kiu," akanong'ona. "Hashibi... Niachie, mwanangu. Ukishaitika mara moja, miguu si yako tena."

Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Gauni lilimpwaya. Ndipo nilipoelewa kwamba kinachonywewa huko juu si maji. Ni yeye.

Bomba likapumua.

Harufu ikaja... tumbaku iliyochacha, dawa ya kuchua, meno mabovu. Joto likanigusa shavu.

"Nani... huyo?"

Mama mdogo akaniziba mdomo kwa kiganja. "Usiitike!"

Niliogopa, sikatai. Lakini iko hofu ya kukimbia, na iko hofu inayozaa hasira. Yangu ilikuwa hiyo ya pili. Mtu aliyenibeba mgongoni, leo anatumwa na bomba?

Nikautoa mkono wake. Sikutega sikio. Niliweka mdomo bombani, nikapuliza kwa nguvu zangu zote.

Huko juu, nyuma ya matofali, filimbi ya pili ikalia.

Nyumba nzima ikanyamaza. Nadhani tangu ijengwe hakuna aliyewahi kupuliza kutoka chini.

"Wewe uliye huko," nikasema. "Huku jikoni kuna mtu ana kiu. Leta maji. Na ukifika useme tafadhali."

Kitu kizito kikaanguka sakafuni, juu ya vichwa vyetu. Kikajiburuza. Kikafika ngazi, si ile pana. Ile ya watumishi.

Du... du... du...

"Umefanya nini?" mama mdogo akanong'ona.

"Nimemtuma."

Mlango wa ngazi ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa. Kile kitu kikafika nyuma yake. Nikasikia pumzi. Nikasikia harufu ile. Kitasa kikazunguka nusu... kikarudi. Nilisimama mbele ya mlango na mkasi wangu mkononi, mkasi wa kukatia vitambaa, nikijua fika haufai kitu. Sikurudi nyuma.

Kisha kikasikika kishindo kidogo cha glasi ikiwekwa chini. Polepole. Kama inavyowekwa na mtu asiyezoea kazi hiyo.

Sinia likamponyoka mama mdogo. Maji yakamwagika miguuni kwake, akaruka, akaniangalia kama aliyetoka usingizini.

"Wewe mtoto," akasema kwa sauti yake mwenyewe, "unaingia ndani bila hata salamu?"

Nililia na kucheka kwa pamoja. Kisha nikaufungua mlango. Glasi ilikuwa pale, kwenye kidato cha chini, imejaa maji baridi mpaka inatoka jasho. Kwenye vumbi la ngazi kulikuwa na alama ya kitu kilichojiburuza.

Alama ilishuka. Haikupanda.

Hatukuyagusa maji yale. Tuliondoka tumeshikana mikono.

Baadaye mwenye nyumba alikubali ukuta wa juu, chumbani kwa yule bwana, uvunjwe, na nikawepo. Fundi seremala alipotoa matofali, alikuta mdomoni mwa bomba kumesokomezwa furushi la nywele za vichwa vingi, limefungwa kwa uzi mweusi. Juu kabisa lilikuwa fungu dogo lenye mvi. Nikalinusa. Lilinukia mafuta ya mama mdogo, yale anayochanganya mwenyewe.

"Huu ni uchawi wa kuwafunga watumishi," fundi akasema. "Hata bwana akifa, nyumba inaendelea kutuma." Lakini nani alitia nywele mpya ndani ya ukuta ambao haujawahi kupasuliwa, hakujua. Na mimi sijui. Tulilichoma furushi lote uani.

Mama mdogo amerudi kwake, amenenepa, anafoka kama zamani. Ndugu walinikataza nisikanyage tena pale. Nikawaambia vitambaa nimeshavikata, na hakuna marehemu wa kunipangia mimi pa kufanyia kazi.

Nikarudi mchana kweupe. Nilikuwa juu ya kistuli katika chumba kile cha bwana, natundika pazia la mwisho, harufu ya tumbaku iliponijia. Nyuma yangu mtu akavuta pumzi fupi.

"Labeka... bibi," akasema, kwa unyenyekevu.

Sikugeuka.

"Sijakuita," nikamjibu.

Nikaendelea kupanga mikunjo ya pazia, moja baada ya nyingine, mpaka ikakaa sawa. Hakuondoka. Nilimsikia amesimama pale, ananisubiri nimtume.