Karibu Sita za Asmahani

Kwa maneno ya Semeni, mambo yalianzia arusini, kule Tongoni. Mgeni mmoja, mwanamke mnene wa kanga nyekundu, alimtazama Asmahani akasema, "Mtoto mzuri huyu." Hakusema mashallah. Palepale, asema Semeni, mtoto akaitema pilau iliyokuwa kinywani. Tangu siku ile kinywa kikafungwa.

"Mimi nilikuwa nimekaa hapa, na yeye pale," Semeni alieleza. "Nililiona jicho likitoka."

Hadithi hii aliisimulia kisimani. Akaisimulia msibani. Kila alipoisimulia, macho ya yule mgeni yalizidi ukubwa, na mara ya mwisho yalikuwa kama visahani vya chai.

Saleha, mama yake Asmahani, alikuwako arusini. Alichokumbuka yeye ni kwamba pilau ile ilikuwa na pilipili manga nyingi. Lakini hakubishana na jirani yake. Jicho au si jicho, mwanawe alikuwa hali.

Asmahani alikuwa na miaka mitatu. Asubuhi aliletewa uji, akausukuma. Mchana ulipikwa ugali kwa mchuzi wa samaki, akageuza uso. Jioni alisinzia na tonge mkononi. Saleha alimbembeleza. Akamtisha kwa zimwi. Siku moja hasira zilimpanda, akambana mtoto pua ili afumbue kinywa, akamtia tonge. Mtoto akapaliwa, na mwiba wa samaki ukamchoma kooni. Tangu hapo Asmahani akisikia harufu ya samaki tu, analia.

Shekhe aliwaandikia kombe, aya za kuoshwa kwa maji na kunywewa. Mtoto alilinywa lote, kwa kuwa lilikuwa na maji ya waridi. Chakula hakula.

Mume wa Saleha, Msafiri, alikuwa fundi wa vitanda hapo Kigombe. Siku moja alipeleka vitanda viwili mjini Tanga, akalala kwa mama yake, Chumbageni. Aliporudi alikaa kizingitini, akavua viatu polepole.

"Mama amesikia habari za mtoto," alisema.

"Amesemaje?"

"Mwezi wa Maulidi ukiandama, atakuja kumchukua. Anasema kwake watoto hula."

"Nawe ulimjibu nini?"

"Ni mama yangu, Saleha. Ningemjibu nini?"

Kumpa bibi mjukuu amlee si aibu, watu wengi wamelelewa hivyo. Lakini kuchukuliwa mtoto kwa kuwa umeshindwa kumlisha, hilo ni neno jingine. Neno hilo lingemfuata kisimani na arusini. Zaidi ya hayo, alimpenda mtoto wake, akalala naye kila siku mkono wake mdogo ukimshika shingoni. Akahesabu siku. Zilibaki ishirini na tano.

Kila Jumatano alikuja Bibi Beatrisi, mkunga, Mbondei wa Muheza. Watu walimwita Mama Noa. Alikuja na lori la shamba la mkonge, akatundika mizani kwenye boriti ya baraza, akawapima watoto wa kijiji. Jumatano ile Saleha alimpeleka Asmahani.

"Shikamoo, Mama Noa."

"Marahaba. Mpandishe huyo bibi arusi." Beatrisi akasoma mizani. "Ratili ishirini na mbili. Ni kidogo. Anakula nini?"

"Hali kitu, Mama Noa. Wallahi hali kitu."

Beatrisi alimtazama Asmahani, ambaye alikwisha kushuka na sasa alikuwa anamfukuza jogoo kuzunguka baraza.

"Mtoto asiyekula kitu hana nguvu za kumfukuza jogoo," alisema. "Huyu anakula. Hatujui tu anakula nini, wala wapi. Kesho mfuate. Usimwite, usimkataze. Mfuate kama kivuli chake, uone kila kinachoingia kinywani."

Saleha alikuwa mtu wa subira. Kesho yake aliacha kufagia, akamfuata mwanawe kwa mbali, akijificha nyuma ya nyua za makuti.

Jua halijapanda, Asmahani alisimama mbele ya Semeni, aliyekuwa anachoma vitumbua vya kuuza.

"Karibu mkwe wangu," akasema Semeni. "Umekuja kunitazama tu, au umekuja na njaa?" Akampa vitumbua viwili vya moto, akampulizia.

Nyumba ya pili bibi mmoja kizee alikuwa anakunywa chai. "Karibu, mjukuu." Mtoto akapewa kikombe, sukari vijiko vitatu. Kwa Uweso mwenye duka alipewa kipande cha sukari guru. Wasichana waliokuwa wanasukana walimpa kashata. Mbele zaidi akapata pingili ya muwa, na mwisho, jua likiwa kichwani, mtu aliyekuwa anafua nazi akampasulia dafu. Kila mahali neno lilikuwa lilelile: karibu. Na Asmahani, mtoto aliyefunzwa adabu, hakuikataa hata karibu moja.

Saleha alizihesabu. Zilikuwa sita. Hapo ndipo ilipofika saa ya chakula cha mchana, na mtoto akarudi nyumbani akageuza uso mbele ya ugali.

Jioni ile Saleha alitembea mpaka kwa Beatrisi, aliyekaa katika shamba la mkonge, akamweleza yote, hata lile la tonge na mwiba. Beatrisi akacheka mpaka akafuta machozi.

"Kunja ngumi ya mwanao uitazame," alisema. "Tumbo lake halizidi sana hapo. Likishajaa sukari, samaki atakaa wapi? Sukari inampa mbio za kumkimbiza jogoo, basi. Nyama ya mwili haijengi. Mwili hujengwa na samaki, kunde, choroko, maziwa, mayai."

"Mayai? Si wanasema mtoto akila mayai atakuwa mwizi?"

"Noa wangu anakula mayai tangu hajaota magego. Huiba kalamu za dada yake tu, na hiyo ni kwa sababu anapenda kuchora."

Saleha akacheka, kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Na samaki je? Anamwogopa."

"Hamwogopi samaki. Anaogopa mwiba na mkono uliombana pua. Usimlazimishe tena. Mtoto akilazimishwa, chakula kinakuwa adui. Wewe kazi yako ni kupika chakula kizuri na kukiweka mbele yake kwa saa zake. Yeye kazi yake ni kula. Usimnyang'anye kazi yake."

Kisha akamwuliza anapika vipi. Saleha akaeleza: mchuzi wa pilipili kama apendavyo Msafiri, mboga ya mchunga ya kuchemsha, sinia moja, wote wanakula pamoja.

"Mchunga ni mchungu. Mimi mwenyewe ulinishinda mpaka nilipoolewa," alisema Beatrisi. "Mwanzishie mchicha wa nazi. Pilipili tia katika bakuli la baba, usitie chunguni. Na mtoto mpe bakuli lake peke yake. Katika sinia mikono mikubwa inakwenda mbio, na wewe huwezi kujua yeye amekula matonge mangapi."

Mambo ya jikoni Saleha aliyaona mepesi. Lililomtisha lilikuwa lile la karibu. Utamwambiaje jirani asimkaribishe mtoto wako? Alilifikiri njia nzima. Asubuhi akajitanda kanga, akaanza kwa Semeni.

"Shoga, nimekuja kukuomba. Karibu yako naipenda, usiiache. Lakini asubuhi mpe maji tu. Kitumbua kimoja mpe alasiri, akishakula kwake."

Semeni aliweka chini kijiti chake cha kugeuzia vitumbua. "Kumbe jicho lenyewe ni vitumbua vyangu?"

"Jicho sijui. Vitumbua nimeviona."

"Haya. Huyo Mbondei wako anajua ndizi tu, sasa anatufundisha sisi kula samaki." Lakini alipoona Saleha hakasiriki, akaguna. "Nitampa maji. Akilia, mimi simo."

Wengine walikubali upesi. Kizee alisema atampa kipande cha papai badala ya chai. Uweso alisema sukari guru yake itapumzika.

Siku ile Saleha alinunua samaki aitwaye changu. Akamchemsha, akatoa miba mmoja mmoja mpaka vidole vikamwambia hakuna tena. Akamponda kinuni pamoja na muhogo uliochemshwa, akatia tui zito na chumvi kidogo, akaviringa vidonge vidogo kama gololi. Akaviweka vinne katika bakuli, pembeni akatia mchicha wa nazi. Kisha akakaa na yeye, akala vilevile, hakumtazama mtoto usoni.

Asmahani alishika kidonge kimoja, akakinusa, akakirudisha. Akaondoka. Saleha akaliondoa bakuli. Akahesabu siku tena, zilikuwa zinapungua. Lakini alikumbuka Beatrisi alivyosema: chakula kigeni mtoto huonjeshwa hata mara kumi, akikataa leo hukubali keshokutwa.

Siku ya pili mtoto alilamba mchicha. Siku ya tatu Saleha alimpa kazi ya kuchambua choroko na kuchuma majani ya mchicha. Asmahani alichambua choroko mpaka mawe yakawa mengi kuliko yaliyokuwamo. Zilipoiva alizila, akimwambia baba yake, "Hizi zangu mimi." Siku ya tano akala kidonge kimoja. Siku ya nane akala vinne, akalitazama bakuli la mama.

Uji wa asubuhi nao ukabadilika. Saleha alivuruga yai ndani yake ukiwa bado unachemka, akatia tui. Samaki alipokosekana alipika kunde kwa nazi, na chungwa la Muheza likafuata. Msafiri akaanza kuvidokoa vidonge vya mtoto.

"Baba mtu mzima, huoni haya?" Saleha alimwuliza.

"Basi ongeza changu."

Jumatano ya tatu Beatrisi alisoma mizani mara mbili. "Ratili ishirini na tatu na nusu," alisema. "Endelea hivyohivyo."

Mwezi ukaandama. Bi Mwanasiti, mama yake Msafiri, akafika na kikapu kitupu cha kutilia nguo za mtoto. Saleha alimshika mkono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtoto yuko wapi?"

"Anachambua choroko."

Mchana chakula kikaletwa. Bi Mwanasiti hakugusa chake. Alimtazama Asmahani akila kidonge cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kisha akatwaa kimoja, akakifungua kwa vidole atafute mwiba. Hakuuona. Akakila. Akala na kingine.

"Ni nini hiki?"

"Changu na muhogo, mama."

"Nani kakufundisha?"

"Mama Noa. Na mtoto mwenyewe."

Bi Mwanasiti akasogea karibu na mtoto. Mkono wake ukamgusa mjukuu shavuni, shavu lililoanza kujaa.

"Mimi nilikuja kuchukua," alisema. "Sasa naona hapana sababu ya kuchukua. Basi naomba. Nyumba yangu kimya, mwanangu, tangu watoto wote waoe na kuolewa. Nipe Asmahani mwezi mmoja tu. Nitampikia hivihivi, na karibu za Chumbageni nitazizuia mwenyewe. Utanipa?"

Msafiri aliweka tonge lake chini. Kisha yeye na mama yake wakamgeukia Saleha, wakangoja.

Saleha alishika ncha ya kanga yake, akainama, akampangusa mwanawe mchicha mdomoni. "Mwezi mmoja, mama," alisema, "ukiisha nitakuja kumchukua mimi mwenyewe."