Gauni la Kijani la Bi Maimuna

Ilikuwa Jumanne kama Jumanne nyingine pale Mtaa wa Sikukuu. Redio inaongea, wauza mabegi wanaita wateja, Sofia yuko kwenye cherehani yake. Ummy akaingia na mfuko wa nguo za mama yake, marehemu Bi Maimuna.

"Mshonee Zamda mfarishi wa viraka," alisema. "Mjukuu akizaliwa afunikwe na nguo za bibi yake. Ila asijue, shoga. Nakujua na mdomo wako huo!"

Sofia alicheka. Zamda, mdogo wake Ummy, alikuwa rafiki yake tangu darasa la pili.

Lakini kulikuwa na nguo moja ambayo haikuwemo mfukoni. Ilikuwa kwenye boksi, chini ya meza ya Sofia. Gauni la kijani. Bi Maimuna alilileta mwenyewe mwaka jana, lipanuliwe kwapani, alivae kwenye harusi ya Zamda. Alilifuata mara nne. Mara nne Sofia, ambaye hakuwa ameligusa, alimjibu kama mafundi wanavyojibu: "Bado vifungo tu, mama. Njoo kesho." Siku ya harusi, mama wa bibi harusi alivaa gauni kuukuu, akajitanda khanga hadi shingoni. Mwezi haukuisha, akafariki. Zamda alipouliza, Sofia alimwambia mama alishalichukua.

Sofia hakuwa mtu mbaya. Aliona haya tu, na haya ile ilikaa naye hadi akakosa pa kuitua. Sasa akaona pametokea. Akalikata gauni, akaliweka katikati ya mfarishi, akadarizi juu yake jina la Zamda.

Alhamisi, saa saba mchana, alikuwa ameinamia pindo. Kivuli kikaangukia kitambaa, kama cha mteja aliyesimama mlangoni.

"Karibu," alisema bila kuinua kichwa.

"Tayari?"

Sauti ilikuwa ya chini. Ya mtu asiyependa kusumbua.

Mdomo ulitangulia akili. "Bado vifungo tu, mama. Njoo kesho."

Mfarishi hauna vifungo.

Akainua macho. Mlangoni hapakuwa na mtu. Jua lilikuwa linawaka hadi ndani.

Akatazama chini. Kivuli bado kilikuwepo.

Kikainua mikono, taratibu, kama mtu anayejitanda khanga. Kikafunika shingo. Kisha kikaondoka.

Sofia hakusubiri mtoto azaliwe. Jioni ile ile aliupeleka mfarishi Magomeni, nyumbani kwa Zamda. Zamda akautandaza juu ya tumbo lake, machozi na kicheko kwa pamoja. "Jamani! Hiki kijora cha Idi. Hii khanga ya jikoni, ona alama ya mkaa." Kidole kikafika katikati. Kikasimama.

"Sofi. Hili si ulisema mama alilichukua?"

Ilikuwa nafasi yake. Wawili tu chumbani, mlango umefungwa.

"Nilipata kitambaa kinachofanana," Sofia alisema. "Sokoni Mchikichini."

Zamda hakugomba.

"Mama aliniambia liko kwako," alinong'ona. "Akanikataza kukuuliza mbele za watu, eti utaona haya. Nimesubiri mwaka mzima uniambie mwenyewe."

"Zamda..."

"Nenda nyumbani, shoga yangu. Leo nenda tu."

Sofia alipofika kwake, akavua gauni lake akalitundika msumarini. Mgongoni mwa gauni kulikuwa na mistari ya chaki ya fundi, myeupe, imenyooka: shingoni, begani, kiunoni. Kipimo cha mtu mzima. Akainama ajitazame. Mistari haikuishia kwenye pindo la gauni. Iliendelea kwenye ngozi yake, ikashuka hadi visiginoni, ikakutana.

Aliyempima hakuacha mahali pa mikono. Sanda haina mikono.