Ndani kwa Maneno

Foleni ya duka la vifaa vya ujenzi ilikuwa imepinda mara mbili na kufika kwenye rafu za rangi, na feni ya darini ilizunguka bila kuleta upepo. Mwanamke mmoja alisimama katikati ya foleni akiwa amevaa gauni la kitani la kijani, mfuko begani, na ndani ya mfuko kisahani cha plastiki cha rangi ya chungwa kilichochomoza nusu. Nyuma yake alikuwepo kijana mrefu mwenye ovaroli la buluu lililopauka kwa kufuliwa. Alikuwa amejaza viganja viwili kwa viungio vya shaba vya mabomba ya gesi, kama mtu aliyebeba mayai.

Kiungio kimoja kilimponyoka, kikabingirika hadi kwenye kiatu cha yule mwanamke. Alikiokota, akakigeuza kwenye mwanga.

"Nyuzi zake zimeliwa hapa," alisema, akionyesha kwa ukucha.

"Kidogo tu, dada. Kitashika."

"Si ukabadilishe? Rafu iko pale."

"Nikitoka kwenye foleni hii nitarudi nikiwa na mvi."

"Nitakushikia nafasi. Mvi zako zitasubiri."

Kijana alikwenda kukibadilisha. Aliporudi alikuta nafasi yake ipo, na mwanamume mwenye mbao aliyetaka kuichukua amenyamazishwa. Alimshukuru, kisha akamuuliza kile kisahani anamrushia nani. Kumbe wote wawili walicheza mchezo uleule, Jumapili ileile, katika bustani ileile nyuma ya uwanja wa mpira. Yeye mwanamke alicheza alfajiri peke yake, na kijana alicheza saa tatu na marafiki zake.

Mchezo wenyewe hauna siri. Vikapu vya chuma vimesimamishwa juu ya nguzo, kila kimoja kimezungushiwa minyororo. Unarusha kisahani kutoka mbali, unakwenda kilipoangukia, unarusha tena, hadi kigonge minyororo na kutua kikapuni. Aliyerusha mara chache ndiye mshindi.

Mwanamke alikuwa mfamasia katika duka la dawa la kona. Kijana alikuwa fundi wa gesi. Marafiki zake walimwita Chapchap, kwa sababu jiko ambalo wengine walilifunga kwa siku nzima, yeye alilimaliza kabla ya chakula cha mchana, na kwa usafi. Jina hilo alilipenda.

Jumapili iliyofuata mfamasia aliamka kwa kuchelewa makusudi. Alivaa suruali ya kijivu na kofia pana, akajiunga na Chapchap na rafiki yake fundi rangi aliyeitwa Kipara. Kwenye kikapu cha kwanza kisahani cha Chapchap kilianguka chini ya nguzo, umbali wa hatua moja. Alikiokota, akasema, "Ndani," akaanza kuelekea kikapu cha pili.

"Hakijaingia," mfamasia alisema.

"Dada, hapo hata bibi yangu anatia akiwa amefumba macho," Kipara alimjibu.

"Basi mlete bibi yako atie."

Walicheka sana, Chapchap kuliko wote. Mfamasia alirusha chake, naye akiwa hatua moja tu, na minyororo ikalia. Walibishana kuhusu jambo hilo asubuhi nzima, kwa utani. Wao walisema ndiyo desturi ya watu wanaocheza kwa starehe: kilicho karibu kinahesabiwa kimeingia, unajiongezea rusho moja, unawapisha wanaosubiri nyuma. Hakuna kombe hapa, walisema, na hakuna anayekosa kutoka pale. Mfamasia alisema yeye amewahi kukosa kutoka pale, na hakukuwa hata na upepo. Mkono unaoamini kwamba kazi imekwisha hurusha vibaya. Chapchap aliahidi kujirekebisha, na kwenye kikapu kilichofuata akasema, "Ndani."

Mapenzi yalikuja upesi. Chapchap alimwita Dawa. Alimpigia simu mchana akiwa juu ya ngazi za watu, na jioni akiwa njiani.

"Dawa yangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe umemaliza kazi?"

"Hesabu nimemaliza."

"Umemaliza, au hesabu umemaliza?"

"Wewe nawe. Niko mlangoni tayari, nakuja."

Mfamasia alicheka. Baadaye alikumbuka kwamba alicheka.

Mfamasia aliishi na mama yake kwenye ghorofa ya tatu. Mama alikuwa amepoteza uwezo wa kunusa baada ya homa kali ya miaka ya nyuma. Maziwa yakichacha hakujua, chakula kikiungua alikiona kwanza kwa macho. Jiko lao la zamani lilipoharibika, Chapchap alileta jipya, akalipitishia bomba ukutani na kuweka mtungi nje kwenye baraza. Mfamasia alikuwa kazini siku hiyo. Mama alimwandalia fundi chai, akamsifu kwa binti yake kwamba kijana ana adabu na hakuacha hata chembe ya vumbi sakafuni.

Kazi ya gesi ina hatua yake ya mwisho. Fundi huchanganya sabuni na maji kwenye ndoo, akapaka kila kiungio kwa brashi, akatazama. Kiungio kisichobana hutoa povu. Siku ile Chapchap alipaka viungio vyote isipokuwa kimoja kilichokuwa nyuma ya jiko, kwa kuwa alikuwa amekwisha kulisukuma jiko mahali pake na Dawa, akitoka kazini, angemsubiri mjini. Spana ni ileile, aliwaza, na mkono ni uleule.

Miezi ilipita. Jumapili moja Kipara alimwita mfamasia shemeji, akamuuliza suti zishonwe za rangi gani. Mfamasia alimtazama Chapchap. Hakuwahi kumuuliza kama angeolewa naye.

"Kwani haijulikani?" Chapchap alisema, kwa tabasamu. "Sisi si tumeshafika?"

Mfamasia alitabasamu pia, kwa kuwa alimpenda, lakini alibaki na jambo hilo kama punje ya mchanga kiatuni.

Kisha, mchana mmoja, mwanamke aliyejifunga kanga mkononi aliingia dukani kuomba dawa ya kuungua. Mfamasia alifungua kanga, akaona ngozi, akamwambia hili si la duka, aende hospitali sasa hivi. Alipokuwa akimfunga kwa kitambaa safi alimuuliza imekuwaje. Jiko lilikuwa jipya, mwanamke alisema. Fundi mmoja mzee ndiye aliyelifunga, akasema tayari, akaondoka. Kisha yeye akawasha kiberiti.

Jumapili iliyofuata mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye nguzo za taa, na bustani ilikuwa karibu tupu. Hakuna aliyekuwa akisubiri nyuma yao. Kwenye kikapu cha tano kisahani cha Chapchap kilianguka hatua moja kutoka kwenye nguzo.

"Ndani," alisema, akainama.

Mfamasia aliutazama mkono ule ukiokota.

"Jiko la mama," alisema. "Ulipaka sabuni viungio vyote?"

"Vyote."

"Vyote?"

Chapchap alipangusa kisahani kwenye ovaroli. "Kimoja kiko nyuma. Nimekikaza mwenyewe, Dawa. Ni kilekile kama vingine."

Mfamasia alikuwa amekwisha kutoa simu.

"Mama, uko wapi?"

"Jikoni. Nataka kuinjika chai."

"Usiwashe."

"Kuna nini?"

"Usiwashe kitu chochote, hata taa. Fungua dirisha, funga mtungi, toka nje ukakae kwa jirani. Mama, tafadhali."

Alisikia hatua za kandambili, kisha bawaba ya dirisha.

"Haya," mama alisema. "Lakini jirani ana mgeni."

Walikwenda kwa gari dogo la kazi la Chapchap, ngazi ikigonga juu ya paa. Chapchap ndiye aliyeanza kusema.

"Ungekuwa na daktari, ungemuuliza kama ameshona vizuri?"

"Ningemuuliza."

"Hapana. Mimi unaniuliza kwa sababu mikono yangu ina grisi. Umekuwa ukinipima tangu siku ile dukani."

"Mama yangu hanusi. Unalijua hilo."

"Nalijua. Na bado unadhani ningemuua."

Huko jikoni Chapchap alivuta jiko, akachanganya sabuni, akafungua mtungi na kukipaka kile kiungio. Waliinama pamoja, vichwa vyao vikikaribia kugusana. Sabuni ilitiririka ukutani. Halikutoka povu hata moja.

"Umeridhika?" aliuliza.

Alirudisha jiko, akamuaga mama, aliyekuwa amerudi kutoka kwa jirani, kwa heshima zote, akaondoka. Mama aliwasha jiko, akainjika chai.

"Kwa hiyo alikuwa sahihi," mama alisema.

"Hakujua kama yuko sahihi, mama. Alibahatisha."

"Na wewe umemfukuza kwa alichobahatisha vizuri."

Mfamasia alikwenda chumbani. Alikuwa na haki, na haki haikumsaidia chochote. Simu haikulia siku hiyo wala zilizofuata. Aliandika ujumbe mara kadhaa, akaufuta.

Chapchap naye alikuwa na tatizo ambalo hakumwambia mtu. Wakati brashi ilipogusa kile kiungio, mkono wake ulitetemeka, naye alikuwa mtu asiyetetemeka juu ya ngazi. Kama alijua kimebana, mkono ulitetemekea nini? Alilitazama swali hilo kwa uaminifu, na jibu lilimpeleka kwenye majiko mengine. Yalikuwa machache: nyumba ambazo mwenye nyumba alikuwa na haraka, au simu ilikuwa imelia, au jioni ilikuwa imeingia. Nyumba ambazo alisema tayari, akachukua vifaa vyake. Ndani yake watu walikuwa wakipika.

Alimpigia mfamasia simu Jumamosi mchana.

"Nina nyumba za kumalizia," alisema. Hakumwita Dawa. "Nisingependa kwenda peke yangu. Nikifika mlangoni naweza kujisemea iko sawa, nikageuka."

"Niko kazini hadi saa nane."

"Nitakuwa nje."

Nyumba ya kwanza ilikuwa juu ya duka la viatu. Dada mmoja mnene mwenye mtoto mgongoni aliwafungulia, akashangaa. Jiko linafanya kazi vizuri, fundi, alisema, ila siku hizi gesi inakwisha haraka, sijui wanatupunja kwenye mitungi. Chapchap alimwomba amshushe mtoto na kumpeleka barazani. Mfamasia alishika ndoo. Brashi ilipopita chini ya kiungio cha nyuma, povu liliota. Lilikuwa dogo kama jicho la samaki, likakua, likapasuka, likaota jingine.

Mfamasia alimtazama usoni. Alisubiri aseme nyuzi zilikuwa mbovu kiwandani, au jengo linatikisika kwa magari. Chapchap alifunga mtungi, akafungua madirisha, akabadilisha kiungio, akapaka tena, akasubiri. Kisha akatoka barazani.

"Kosa ni langu," alimwambia yule dada. "Sikulipima nilipolifunga. Ilikuwa ikivuja tangu siku ile."

Dada alimbana mwanawe kifuani. Alimtukana kwa sauti ya chini, taratibu, tusi baada ya tusi, naye alisimama hapo hadi akamaliza.

Ngazini Chapchap alikaa chini. Sabuni ilikuwa imemkauka mikononi.

"Niliwaambia watu tunaoana," alisema. "Wewe sikukuuliza. Nakuuliza sasa. Unanitaka?"

Mfamasia aliweka ndoo chini. Jibu alikuwa nalo kwa miezi, lakini alitaka kulitoa akiwa na hakika, na hapo ngazini, akiwa bado na harufu ya gesi puani, aligundua kwamba anayo.

Chapchap alikuwa ameshaweka simu sikioni kuiarifu nyumba inayofuata. Ni wazee wawili, alimwambia, mume na mke, jiko lao alilifunga mwezi uliopita. Hawatoki ovyo. Huwa wanapokea upesi.

Simu ilikuwa ikiita.

"Nakutaka," mfamasia alisema. "Nitaolewa nawe."

Chapchap alimsikia. Alimshika mkono, akaubana kwa nguvu hadi ukamuuma, lakini hakuiondoa simu sikioni. Iliita hadi ikakatika. Akapiga tena, na sasa wote wawili walikuwa wakishuka ngazi mbilimbili, maji ya sabuni yakimwagika kutoka kwenye ndoo.