Amplifaya Isiyo na Kitufe cha Sauti

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata rafiki yangu, fundi saa, mtu asiye na porojo hata kidogo.

Baada ya kufiwa na mkewe alijiundia amplifaya ya valvu, zile taa za kioo za redio za zamani. Nilipoiona nikamuuliza, "Mbona hukuweka kitufe cha kupunguzia sauti?"

"Cha nini? Aliyekuwa akisema 'baba watoto, punguza, nyumba itaanguka' si ameshatangulia?" Akacheka. Mimi sikucheka.

Ikabaki kutafuta deki ya CD ya kuipelekea muziki. Yenye nguvu sana iliifanya amplifaya ikwaruze, na dhaifu iliifanya inong'one. Alihangaika na za mitumba mpaka akapata iliyooana nayo, nayo pia haikuwa na pa kupunguzia. Jioni hiyo akafunga mlango wa nje kwa komeo, akazima taa ya sebuleni, akakaa peke yake gizani akitazama valvu zikiwaka. Muziki ukajaa nyumba nzima.

Katikati ya wimbo, sauti ikaanza kushuka. Alidhani valvu zinakufa, lakini ziliwaka vilevile. Akagusa nyaya za spika, akakuta zimekaza. Sauti ikazidi kushuka, polepole, ikasimama palepale marehemu alipokuwa akipapenda.

Ndipo akasikia ndara zikiburuzwa kurudi chumbani, na mlango ukirudishiwa taratibu.