Hatua Arobaini

Kila baada ya dakika kumi, tangu jua kuchomoza hadi kuzama, Kobe alifumbua jicho lake moja, akapiga picha, akalifumba. Mwili wake ulikuwa kopo la maziwa ya unga, jicho lake lenzi ya darubini iliyovunjika, na kilichomzungusha polepole ni saa ya jikoni, ile inayolia keki ikiiva. Mwalimu Eliaichi Mmasi, mwanamke aliyefundisha fizikia mjini Moshi miaka thelathini na minne, alimuunda mwenyewe juu ya meza ya chakula. Picha za mwezi mzima alipoziunganisha na kuzikimbiza, zilipita kwa dakika moja na nusu. Filamu za namna hiyo aliziita picha-mbio.

Watu walimcheka. Kamera zilikuwa tele mjini, kila nguzo ya taa na yake, ya nini tena makopo? Lakini kamera zote za mji zilipeleka picha zake kwa Akili ya Mji, mashine kuu iliyosimamia kila kitu, na Akili ilizipiga pasi kabla hazijamfikia mtu. Takataka zilitoweka, nyufa zilizibwa. Mwalimu alitaka kuiona Moshi yenye makunyanzi yake. Akampeleka Kobe kwenye stesheni ya treni za sumaku, akampeleka sokoni, na mwisho akampandisha juu ya tangi la maji nyuma ya nyumba yake, apige mawingu ya Kibo, mlima ambao siku hizo haukuwa tena na theluji. Alimwacha huko miezi minne.

Katika pembe ya chini ya picha hizo kilionekana kihamba chake, yaani shamba la urithi linalozunguka nyumba, na cha jirani yake, marehemu Ndewirwa Kileo.

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Vihamba vile viwili vilitenganishwa na mstari wa masale, ule mmea ambao Wachaga wameuamini kwa mipaka tangu enzi za mababu. Mwisho wa kihamba cha Mwalimu kulikuwa na mfereji, na mwisho wa kile cha Ndewirwa kulikuwa na ukuta wa kampuni ya Panua, uliojengwa na kukarabatiwa na mchwa-chuma, roboti wadogo kama punje za mchele. Mwaka uliopita Mwalimu alipima kihamba chake akakuta kimepungua hatua tatu. Akamshtaki jirani yake mbele ya ukoo.

"Mimi nimepima changu," Ndewirwa alijitetea. "Toka kwenye masale hadi ukutani ni hatua arobaini, zilezile alizoniachia baba. Ningehamisha masale, si zingekuwa arobaini na tatu?"

Mwalimu aliinuka mbele ya watu wote. "Ukuta hautembei, Ndewirwa. Masale hayatembei. Anayetembea ni mtu."

Picha za Akili ya Mji zilionyesha ukuta mahali pake. Mtu akasema kikulacho ki nguoni mwako, na shauri likaishia hapo. Tangu siku hiyo hakuna aliyempokeza Ndewirwa kata ya mbege, ile pombe ya ndizi, maana mhamisha masale ni mtu wa laana. Kila asubuhi alionekana akipima peke yake, akihesabu kwa sauti. Baada ya miezi mitano akafa. Ukoo ukakataa alale karibu na mpaka, wakamzika hatua moja kutoka ukutani.

Sasa Mwalimu alikaa mbele ya picha-mbio yake, akingoja mawingu, na macho yake yakashuka kwenye ile pembe. Ukuta ulikuwa unatembea.

Aliirudisha filamu mwanzo, akatazama tena. Mchwa-chuma walibomoa matofali upande wa nyuma na kuyapanga upande wa mbele, upana wa kidole kila baada ya siku tatu. Masale nayo yalifuata kwa mwendo uleule, yakisukumwa pamoja na mizizi na udongo wake, bila jani kunyauka. Hatua arobaini za Ndewirwa zilibaki arobaini. Mfereji haukuweza kusogezwa, kwa hiyo upungufu wote ukamwangukia Mwalimu. Panua walichukua ardhi polepole ili asiwepo wa kulalamika, na mwalimu wa fizikia ndiye aliyempa jirani yake jina la mwizi. Alilia, akajichukia.

Kisha akaona msalaba. Nao ulikuwa unasogea, pamoja na kilima cha kaburi, daima hatua moja mbele ya ukuta. Lakini mchwa-chuma hawachimbi kupita kina cha goti.

Asubuhi alikata jani la sale, akalifunga fundo, kama afanyavyo Mchaga anayeomba radhi, akaenda kwa Mama Kunda, mjane wa Ndewirwa. Hawakuwa wamesalimiana mwaka mzima.

Mama Kunda aliliona lile jani kabla hajamwona aliyelibeba. "Mwalimu. Nani kakosa?"

"Mimi. Ndewirwa hakuhamisha kitu. Ukuta ndio uliotembea, na masale, nimeviona kwa macho yangu."

"Sale halikataliwi," mjane alisema. "Nalipokea kwa sababu ni desturi, moyo wangu usiuulize. Na aliyekosewa si mimi. Twende ukampe mwenyewe."

"Mama Kunda..." Mwalimu alimshika mkono. "Pale penye msalaba hayupo. Wamesogeza udongo wa juu tu. Yeye yuko chini ya ukuta, au ng'ambo yake."

"Maua yangu yote," mjane alisema. "Miezi saba."

Mjane alikwenda kwenye masale, akaupa mstari mgongo, akaanza kutembea akihesabu kwa sauti, kama alivyokuwa akifanya mumewe. Alipita msalaba bila kuutazama. Alipofika arobaini paji lake la uso liligusa ukuta.

"Zimetimia," alisema. "Alisema kweli."

Mwalimu akaliweka lile jani chini, likiwa limegusa ukuta, mahali pa karibu kabisa na Ndewirwa ambapo mkono wa mtu ungeweza kufika. Kisha alimshusha Kobe kutoka kwenye tangi, akamweka mbele ya jani, akaizungusha saa ya jikoni. Wanawake wale wawili wakakaa majanini.

Siku ya nne waliitazama filamu pamoja. Ilikuwa fupi. Mchwa-chuma walitoka ardhini, wakalizunguka jani, wakalibeba taratibu bila kulichana, wakalisogeza upana wa kidole. Halafu ukuta ukapita pale lilipokuwa.