Musoki Aliomba Moto

Termometre mbili za nyumbani hazikubaliani kamwe, na anayebisha akapime mwenyewe. Ya Musoki ilizidisha nusu degré, ya jirani yake Mama Hortense ilipunguza. Basi Jumatatu mchana, zote mbili zilipotoka kwapani mwa Ketsia, binti wa Musoki wa miaka sita, zikisema trente-quatre virgule deux, thelathini na nne nukta mbili, Musoki alicheka, akabadilisha betri. Ikarudi ileile. Akajipima mwenyewe, mzima kabisa.

Jumanne ilishuka hadi trente-trois, thelathini na tatu. Muuguzi wa kituo cha afya akasema vipimo vya siku hizi ni takataka, akawarudisha nyumbani Rwambuzi na vidonge. Mtu na akili zake! Midomo ya mtoto ilikuwa rangi ya majivu.

Jumatano chumba kilinuka udongo uliochimbwa sasa hivi, na termometre haikutoa namba tena, ilitoa herufi mbili tu, alama ya baridi isiyopimika, kisha ikalia ti-ti-ti, na ndani ya kifua cha mtoto, chini ya blanketi tatu, kitu kikaitikia ti-ti-ti, taratibu, kama kinachojifunza kusema.

Musoki alikuwa ameshazika watoto wawili. Huyu wa tatu hangeweza, hakuwa na nguvu hiyo tena. Akamwita Mama Hortense, mama wa maombi, wakapiga magoti. Hortense anaombaga kwa Lingala. Musoki, mtu wa Butembo, Lingala yake ni ya kuokoteza kanisani, lakini alidhani Mungu atasikia upesi zaidi, akalia kwa sauti: "Nzambe, pesa mwana na ngai moto!" Mungu, mpe mwanangu moto.

Palepale mtoto akapata joto. Trente-sept, thelathini na saba, joto la kawaida la mwili. Musoki alilia mpaka sauti ikakauka.

Lakini jioni ikawa trente-sept. Baada ya kuoga maji baridi, trente-sept. Baada ya kukimbia juani, trente-sept kamili, kwa termometre zote mbili, siku nne. Mwili gani huo usiopanda wala kushuka? Na Ketsia hakupepesa macho.

Hortense alimvuta jikoni, akamuuliza kwa kunong'ona siku ile aliomba nini hasa.

"Moto, dada. Mwili upate moto."

"Kwa Lingala, vile weye ulisema, moto ni mutu. Uliomba mutu, Musoki. Na haikuwa Mungu peke yake alikuwa anasikia."

Alisema wanaweza kumfukuza leo hii huyo aliyemwingia mtoto, yeye yuko tayari.

"Na Ketsia?"

"Ketsia alishaenda tangu Jumatano. Huyu akitoka, utabakia na mwili wa kuzika."

Musoki akachungulia sebuleni. Mtoto alikuwa amekaa wima, mashavu yamerudiwa na rangi, akimngoja.

"Mwache," Musoki akasema. Akamfungulia Hortense mlango, akaufunga nyuma yake, akachota uji, akaupeleka kwa mikono miwili.

"Kula, mwanangu."

"Merci, madame," mtoto akajibu, kama mgeni anavyomshukuru mwenye nyumba.