Upande wa Ndani wa Mshono

Jumatatu saa nne asubuhi, mshono wa mkoba ulikuwa umesogea mbele tundu tatu.

Fundi aliliona hilo alipotoka chumba cha nyuma, mikono bado ina povu la sabuni, baada ya kumgeuza mama yake ubavu wa pili. Mkoba ulikuwa pale pale ulipokaa kwa wiki sita, umebanwa kwenye kibano cha mbao mwishoni mwa meza ya kazi, na sindano mbili zikining'inia kwenye ncha za uzi mmoja, moja huku, moja kule. Hakuna aliyeugusa tangu mkewe afe. Hata vumbi alilipangusa pembeni tu, kama mtu anayefagia karibu na aliyelala.

Alihesabu tena. Kisha akatazama mlango wa mbele. Komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani, vile vile alivyoliacha.

Marehemu alikuwa fundi wa ngozi kama yeye. Watu walimwita Mashoto, kwa kuwa alishika kila kitu kwa mkono wa kushoto, na mishono yake ililalia kushoto. Ya mumewe ililalia kulia. Mteja asingeona tofauti, lakini wao wawili wangeokota mkanda uliosahauliwa miaka na kusema huu wako, huu wangu. Siku aliyokufa alikuwa akishona mkoba huo. Mama mkwe aliguna kutoka nyuma, Mashoto akasema, "Naenda mimi, wewe malizia soli yako," akainuka, akaanguka kwenye kizingiti, nusu yake chumba cha kazi, nusu yake chumba cha mgonjwa. Fundi alisikia kishindo akadhani bunda la ngozi limeporomoka. Alimalizia soli kwanza.

Baba yake, aliyemfundisha kazi, alikuwa na sharti moja asilolitolea maelezo: mshono hauachwi wazi na sindano zake. Ama uumalize, ama upige fundo ukate. Kwa wiki sita Fundi alikuwa akishika mkasi na kuurudisha mahali pake. Kupiga fundo lile ilikuwa kukubali kwamba Mashoto harudi mezani.

Akainama. Tundu tatu mpya zilikuwa zimelalia kushoto.

Alikaa kwenye kigoda taratibu. "Mashoto," akasema kwa sauti ya chini.

Kutoka nyuma mama yake akajibu: "Siye."

Mama alikuwa amepooza upande wa kulia miaka miwili sasa. Hakuwa amesimama tangu hapo, na katika maneno yote aliyokuwa nayo, na alikuwa mwanamke wa maneno, lilibaki hilo moja. Maisha yake yote alisema "siye" mahali watu wengine wanasema "sisi". Siye watu wa ngozi. Siye hatujambo. Mashoto alipenda kumchokoza: "Mama, hiyo siye yako, na mimi nimo?" Na mama alikuwa akijibu, "Umo, ila kaa upande wa kushoto usitugonge kiwiko." Kwa hiyo neno lilipobaki peke yake, nyumba nzima ililielewa.

"Ndiyo, mama," Fundi alisema. "Siye. Bado tupo."

"Siye," mama akarudia. Hakuwa akimtazama yeye. Alitazama nyuma yake, kwenye meza.

Kuanzia hapo kazi ilikwenda. Fundi alikuwa na vyumba viwili na mwili mmoja. Kila alipokuwa kwa mgonjwa, viatu vya watu vililala, na kila alipokaa kwenye viatu, mgonjwa alilowa. Sasa, akiwa nyuma anamlisha mama kwa kijiko, alisikia mbele msharasi ukitoboa ngozi, tk, kisha uzi ukivutwa, krrr, mrefu, kisha kimya. Alipotoka, ndara zilikuwa zimeshonwa. Mikanda ilikuwa imeshonwa. Hakuwahi kukuta mtu, na baada ya siku chache akaacha kutoka mbio. Akaanza kuacha sindano zimetungwa uzi na donge la nta pembeni, kama mtu anayemwekea mwenzake chakula. Mkoba hakuuondoa kwenye kibano.

"Fundi, siku hizi hulali?" mteja mmoja alimwuliza, akijaribu kiatu. "Au umeshaoa kimyakimya?"

"Nasaidiwa."

"Na nani?"

"Na aliyekuwepo."

Mteja alicheka, akavuta pumzi, akaacha kucheka. "Lakini fungua dirisha, rafiki yangu. Kuna kitu kimekufa humu."

Kulikuwa na harufu, kweli. Fundi alinunua ngozi zilizokwisha kutiwa dawa kiwandani, kavu, zenye harufu ya gome la mti. Hii ilikuwa ya ngozi mbichi, ile inayotoka mnyama akichunwa na kuachwa juani. Ilikuja pamoja na sauti ya uzi na kuondoka nayo. Alijiambia ni kidonda cha mama.

Kidonda kilikuwapo. Kilianza kama wekundu kwenye nyonga, pale anapolalia, kikawa tundu, kikawa mdomo. Muuguzi alimwonyesha namna ya kukisafisha na kumwambia amgeuze mara nyingi zaidi, usiku na mchana. Fundi aligeuza. Hakikufunga. Adhuhuri moja aliondoa bandeji akaona kitu cheupe chini, akajua ni mfupa, akakaa sakafuni mgongo ukutani. Alikuwa amemzika mmoja. Wa pili hakuwa tayari kumtoa, si mwaka huu, si kwa tundu la ukubwa wa kikombe.

"Mke wangu," alisema kuelekea mbele. "Kazi niachie mimi. Njoo huku uishughulikie ngozi hii. Mkono wako mwepesi kuliko wangu."

Neno "ngozi" lilikuwa moja kwa mama na kwa mikanda. Hakuwahi kuhitaji jingine.

Mbele pakawa kimya. Fundi akainuka, akatoka, akashusha pazia la mlangoni nyuma yake, akakaa mezani na kuchukua kiatu cha mtu.

"Siye," mama alisema nyuma ya pazia.

Kisha harufu ikaja, si kutoka mezani safari hii bali kutoka kule, na pamoja nayo sauti aliyoijua kuliko sauti yoyote duniani, tk, halafu krrr, ila haikuwa kavu kama kwenye ngozi ya kiwandani, ilikuwa na majimaji ndani yake, na mama akawa anasema siye, siye, siye, kwa kasi, kwa sauti inayopanda, na Fundi akaikaza mikono kwenye kiatu na kujiambia kwamba mgonjwa akisafishwa kidonda huwa analia, muuguzi naye alimliza, na kwamba akiingia sasa atamfukuza aliyekuja kusaidia, na kwamba kama hajaona basi hajafanya lolote, na uzi ukavutwa tena, mrefu, na tena.

Alimalizia soli kwanza.

Alipofunua pazia, mama alikuwa amelala ubavu, macho wazi, midomo mikavu. Kidonda kilikuwa kimefungwa. Kilishonwa kwa uzi wa kazi, uliopakwa nta, na hakikutoa harufu tena. Fundi alikitazama kwa muda. Mishono ililalia kushoto. Akaweka bandeji juu yake, kisha akafanya jambo ambalo baadaye hakuweza kumweleza dada yake: alisema asante.

Dada yake mkubwa alikuja Jumamosi, kama kawaida yake, kumwosha mama nywele. Alisimama mlangoni akinusa.

"Umechinja humu?"

"Ni ngozi, dada."

"Nimezaliwa chini ya meza hiyo, usinifundishe ngozi. Hii haijaonja dawa." Akapita kwenda nyuma na beseni lake. Fundi alisikia maji yakimiminwa, kisha maji yakikoma.

Dada hakupiga kelele. Alirudi mbele, akakaa kwenye kigoda cha Mashoto, akafuta mikono kwenye kanga mara mbili tatu.

"Nani kamshona mama?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Mashoto."

"Mashoto nilimwosha mimi, mdogo wangu. Kwa mikono hii. Nani kamshona mama?"

"Tazama mkoba kama huniamini. Inalalia kushoto."

Dada aliufungua mkoba kutoka kwenye kibano. Aliuacha ufundi zamani, lakini mikono haisahau. Alipitisha kidole gumba juu ya mshono, akafika pale Mashoto alipoachia, akasita. Kisha akaugeuza mkoba ndani nje.

Mshono una uso na una mgongo. Uso humwelekea anayeshona: umekaza, umenyooka. Mgongo una mawimbi kidogo, na hulalia upande wa pili. Katika kipande alichoshona Mashoto, uso ulikuwa nje, unakotakiwa. Kuanzia alipoachia, uso ulikuwa ndani ya mkoba, umenyooka kama rula, umelalia kulia.

"Huyu si mashoto," Dada alisema. "Anatumia mkono wa kulia, kama wewe. Ila amekaa ndani."

Fundi alichukua mkoba. Ulikuwa na joto. Siku zote hizo alikuwa ametazama upande mmoja tu, kwa kuwa upande huo ulimpa alichokitaka.

"Na wa mama," Dada akauliza, "umelalia wapi? Una mawimbi, au hauna?"

Fundi aligeuka kutazama pazia. Ulikuwa na mawimbi.

"Siye," mama akasema kutoka nyuma.

"Tangu lini anasema hivyo Mashoto akitajwa?"

"Siku zote. Sisi. Unajua mwenyewe anavyosema."

Dada aliinamisha kichwa karibu na cha mdogo wake, sauti imekwisha kabisa. "Si yeye, wewe. Anakwambia si yeye. Unamwita mkeo, na mama anakwambia siye."

Mganga aliletwa jioni hiyo hiyo. Aliwahi kufundisha shule na watu bado walimwita Mwalimu; alivaa suruali ya kazini, akaweka mfuko wake wa plastiki chini na kuomba maji ya kunywa. Aliushika mkoba kwa ncha za vidole, akausikiliza.

"Hilo linaloshona limeshatoka humu," alisema. "Liliingia kwa mshono uliokosa fundo. Halafu kuna mtu alilituma."

Fundi alitazama sakafu.

"Uzi wote ukitoka mwilini, nalo linatoka," Mwalimu akaendelea. "Wote. Usibaki hata unyuzi."

"Na mama?"

"Kidonda kitarudi kuwa kidonda. Huenda asifike kesho. Lakini atakayekufa atakuwa mama yako."

"Na tukiuacha?"

"Mtakuwa na mtu mzima kitandani. Sikusema nani."

"Toa," Dada alisema. "Toa, mdogo wangu. Usimfanyie mama hivi."

Mkono unaojua mshono ulikuwa wa Fundi, basi kisu kikawa chake. Walimlaza mama ubavu. Mwalimu alikaa kichwani akisoma kwa sauti ya chini, Dada alishika magoti na kugeuzia uso ukutani, na Fundi akapitisha ncha ya kisu chini ya kitanzi cha kwanza, akakata, akakiokota kwa kibanio na kukiweka kwenye kisahani, na cha pili, na cha tatu, na alipokuwa kwenye cha nne akahisi ncha ya uzi ikivutwa kutoka upande ule mwingine, si kwa nguvu, bali kwa ile namna mwenzako mezani anavyouvuta kidogo kukuonyesha kwamba yupo na anasubiri zamu yake, na hapo akakumbuka kile ambacho wengine wawili mle chumbani hawakukijua au walikisahau, kwamba mshono wa sindano mbili ukikatwa uzi wa upande mmoja, uzi wa upande wa pili bado unashika, na akaona pia, kwa uwazi kabisa, kizingiti, na watu wakimbeba mtu mwingine kukivuka.

Akakata vitanzi vyote vya nje. Vya ndani akaviacha. Kidonda hakikufunguka. Akakifunika kwa bandeji haraka, akainua kisahani.

"Umetoka wote?" Mwalimu aliuliza.

"Wote."

Mwalimu aliangalia kisahani, hakuwa fundi, akaridhika. Mama alimtazama mwanawe kwa jicho ambalo bado lilikuwa lake.

"Siye," akamwambia, taratibu, kama mtu anayejua kwamba hatasikilizwa. Hakulisema tena.

Jumapili asubuhi Dada alirudi na supu kwenye chupa ya chai. Mlango ulikuwa umeegeshwa tu. Pazia la ndani lilikuwa limefunguliwa, na mama alikuwa ameketi kitandani bila mto, miguu imening'inia, nywele zimechanwa. Alikuwa akila. Kijiko alikishika kwa mkono wa kulia, ule uliopooza.

"Karibu, binti yangu," mama alisema. Sauti ilikuwa yake, haikukosea hata herufi. "Mbona umesimama? Sisi hatujambo."

Dada hakusogea. "Umesemaje, mama?"

"Nimesema sisi hatujambo."

Fundi alikuwa mezani, akipaka uzi nta. Hakuinua uso. "Umemsikia?" alisema. "Anaongea. Anakula mwenyewe."

"Ulitoa uzi wote?"

Akapitisha uzi kwenye nta. Akaupitisha tena. "Anakula mwenyewe, dada."

Dada aliweka chupa kwenye kizingiti, kati ya vyumba viwili, akatoka bila kuaga na kuuacha mlango wa mbele wazi. Alivuka barabara kabla ya kugeuka. Dirishani alimwona mdogo wake, bado amekaa mezani, kichwa chini, mikono yote miwili kwenye uzi. Kigoda cha Mashoto kilikuwa kitupu. Mlango ukafungwa, polepole, kisha komeo likaingia mahali pake kwa ndani.